Mafundi wapo, kazi imesimama: kitendawili cha seli zinazotengeneza mayelini ya ubongo

Tangu mwaka 1988 wanasayansi wanaijua kemikali inayoweza kuzifanya seli changa za mayelini zigawanyike na kuongezeka ndani ya ubongo. Seli hizo changa ndizo zinazokuja kuwa mafundi wa kuvika nyuzi za neva. Kwa hesabu ya haraka, mtu angetarajia kwamba hadi leo wagonjwa ambao mayelini yao imeharibika wangekuwa wanachomwa sindano ya kemikali hiyo na kurudi nyumbani wakitembea. Haijawa hivyo. Hakuna hospitali yoyote duniani inayotoa tiba ya namna hiyo.

Swali hili lina uzito hata kwetu, kwa sababu wasikilizaji wetu wengi hutuma ujumbe wakiuliza kuhusu vidonge na unga unaotangazwa mitandaoni kuwa "unakuza neva" au "unaotesha upya seli za ubongo". Ili kujua kama tangazo la aina hiyo lina ukweli, inabidi kwanza tuelewe kwa nini wataalamu wenye maabara, fedha na kemikali yenyewe mkononi bado wanahangaika.

Utando unaoharakisha ujumbe

Seli ya neva ina mkia mrefu, mwembamba kama uzi, unaopeleka ujumbe kwa seli nyingine. Kwenye mikia mingi mwili umeviringisha utando wa mafuta na protini, tabaka juu ya tabaka, kama mtu anayejifunga kanga moja ndefu mara nyingi kiunoni. Utando huo ndio mayelini. Jina lake lilitolewa mwaka 1854 na daktari Mjerumani Rudolf Virchow.

Wengi hufananisha mayelini na plastiki inayofunika waya wa umeme. Mfano huo unasaidia, ila una upungufu. Plastiki ya waya haina mapengo, na ikiwa nayo fundi ataitupa. Mayelini imewekwa vipande vipande, na kati ya kipande na kipande kuna nafasi ndogo iliyo wazi. Ujumbe wa neva unaruka kutoka nafasi moja hadi nyingine badala ya kutambaa hatua kwa hatua. Ndiyo maana uzi mwembamba usio na mayelini hupitisha ujumbe kwa mwendo wa karibu mita moja kwa sekunde, na uzi mnene uliovikwa vizuri unaweza kufika mita 100 kwa sekunde. Kwa mwendo ule wa kwanza, amri ya kuinua unyayo ingechukua zaidi ya sekunde moja kushuka kutoka kichwani. Gari lingekuwa limeshakugonga.

Kwenye mikono, miguu na sehemu nyingine za mwili kazi ya kuvika nyuzi hufanywa na seli za Schwann. Ndani ya ubongo na uti wa mgongo kuna fundi mwingine, oligodendrosaiti, aliyeelezwa na Mhispania Pío del Río Hortega mwaka 1921. Fundi huyu hunyoosha mikono mingi, na kila mkono hufunika kipande cha uzi. Oligodendrosaiti moja inaweza kuhudumia vipande 40 au 50. Maana yake ni kwamba ikifa seli moja, nyuzi nyingi hubaki uchi kwa pamoja.

Oligodendrosaiti ikishakomaa na kuanza kuvika nyuzi, haigawanyiki tena. Kinachogawanyika ni seli changa inayoitangulia. Seli hizi changa hazimaliziki utotoni; hata mzee ana akiba yake, imetawanyika kila pembe ya ubongo. Hapo ndipo matumaini yote yalipoanzia.

Kutoka kwenye kidonda hadi kwenye ubongo

Kemikali tunayoizungumzia haikugunduliwa na watu waliokuwa wakitafuta habari za ubongo. Ilitoka kwenye damu. Mwaka 1974 Russell Ross na wenzake huko Seattle, Marekani, walieleza jambo la ajabu: seli za misuli ya kuta za mishipa ya damu ziliongezeka vizuri zikilishwa majimaji ya damu iliyoganda, lakini zilidorora zikilishwa majimaji ya damu yaliyoondolewa chembe sahani, zile chembe ndogo zinazosaidia damu kuganda. Chembe sahani zilikuwa zinamwaga kitu. Ukiwaza ni jambo la busara: mahali damu inapoganda ndipo penye jeraha, na penye jeraha seli zinahitaji kuongezeka ili kuziba. Kitu hicho kikaitwa kichocheo cha ukuaji kitokacho kwenye chembe sahani, na kwa kifupi hujulikana kama PDGF.

Neno "kichocheo" lisikuchanganye na mbolea. Kichocheo cha ukuaji ni protini ndogo inayotoka seli moja na kwenda kunasa kwenye mlango maalumu wa seli nyingine, na kunasa huko ndiko kunakowasha amri ndani ya seli: gawanyika, au ishi, au hama, au badilika. Seli isiyo na mlango wa kichocheo hicho haisikii lolote, hata ukiimwagia ndoo nzima.

Sasa twende London. Mwaka 1983 Martin Raff, Robert Miller na Mark Noble walitangaza kwamba wamepata seli changa kwenye neva ya jicho ya panya. Walichagua neva ya jicho kwa sababu ni rahisi kuichunguza: ndani yake mna mikia tu ya seli zilizoko nyuma ya jicho pamoja na seli za kuihudumia, hakuna mchanganyiko wa kila kitu kama kwenye ubongo wenyewe. Seli ile changa ilikuwa na njia mbili. Kwa lishe moja ya maabara iligeuka oligodendrosaiti, kwa lishe nyingine iligeuka astrosaiti, seli yenye umbo la nyota.

Jambo lililowasumbua ni kwamba seli hizo zikiwekwa peke yake kwenye sahani, ziliacha kugawanyika na kukomaa mapema mno. Zikiwekwa pamoja na astrosaiti, ziliendelea kuongezeka. Jirani alikuwa anatoa kitu. Mwaka 1988 kundi la Noble na lile la William Richardson walionyesha kuwa kitu hicho ni PDGF. Protini iliyopewa jina la damu, kumbe ubongo nao huitengeneza, na kwa kazi isiyohusiana na jeraha lolote.

Baada ya hapo viliongezwa vichocheo vingine: FGF, ambacho kikichanganywa na PDGF huzifanya seli zigawanyike bila kukomaa, na IGF-1, ndugu wa insulini, ambacho husaidia seli kuishi na kutengeneza mayelini zaidi. Panya waliobadilishwa vinasaba ili wakose PDGF ya aina inayohusika walizaliwa na upungufu mkubwa wa mafundi, wakawa wanatetemeka. Ushahidi ukawa umekamilika: bila kichocheo, mafundi hawatoshi.

Kuhesabu hadi nane, na habari ya chumvi

Mwaka 1986 Sally Temple na Raff walifanya jaribio ninalolipenda kuliko yote katika habari hii. Walichukua seli changa moja, ikagawanyika mara moja, wakawatenganisha watoto wake wawili, kila mmoja na sahani yake, na kuwaacha waongezeke. Watoto hao, bila kuonana, mara nyingi waligawanyika idadi ileile ya mara kabla ya kusimama na kukomaa. Kikomo kilikuwa karibu mara nane. Seli ilikuwa na saa ndani yake. Kichocheo kinaipa seli ruhusa ya kugawanyika, lakini hakiisimamishi saa hiyo.

Na saa haifanyi kazi peke yake. Mwaka 1994 Ben Barres, Mitchell Lazar na Raff walionyesha kuwa kengele ya "sasa basi, komaa" hutegemea, pamoja na mambo mengine, homoni ya tezi ya shingo iitwayo thairoidi. Homoni ikikosekana, seli changa huendelea kugawanyika na kukomaa kwake huchelewa.

Hapa habari inafika hadi jikoni. Tezi ya shingo haiwezi kutengeneza homoni yake bila madini joto. Wazee wa nyanda zetu za juu wanakumbuka rovu zilizokuwa zikionekana shingoni mwa watu wengi, na ndiyo sababu Tanzania katika miaka ya 1990 ilianza kulazimisha chumvi iwekwe madini joto. Watu wengi huelewa chumvi hiyo kama kinga ya rovu tu. Kwa mjamzito ni zaidi ya hapo: ni sehemu ya kengele inayowaambia mafundi wa ubongo wa mtoto waache kuongezeka na waanze kazi. Chumvi ya mawe isiyopimwa, inayouzwa kwa kopo sokoni, inaweza isiwe na madini hayo kabisa.

Panya waliopewa kichocheo kupita kiasi

Mwaka 1998 kundi la Richardson lilifanya kile ambacho kila mtu angetaka kujaribu. Walitengeneza panya ambao neva zao zilimwaga PDGF nyingi kuliko kawaida. Seli changa ziliongezeka sana, kama ilivyotarajiwa, na zikazaa oligodendrosaiti nyingi za ziada. Kisha zile za ziada zikafa. Panya walipokua, idadi ya mafundi wao ilikuwa karibu sawa na ya panya wengine.

Maelezo yake yalikuwa yameanza kuonekana mwaka 1992, pale Barres na Raff walipoonyesha kwamba hata kwenye neva ya jicho ya panya wa kawaida karibu nusu ya oligodendrosaiti zinazozaliwa hufa. Kila fundi mpya ana muda mfupi wa kupata uzi wa kuvika, na kuendelea kuishi kunategemea uzi huo pamoja na vichocheo vinavyopatikana karibu yake. Asiyepata, anaondoka. Ubongo hauajiri kwa idadi ya waombaji. Unaajiri kwa idadi ya nyuzi. Ukiongeza waombaji, umeongeza foleni tu.

Upo upande mwingine, na huu ndio unaonifanya niogope matangazo yale ya mitandaoni hata zaidi. Mwaka 1983, kabla PDGF haijahusishwa na mayelini, watafiti waligundua kwamba kinasaba cha virusi kimoja kinachosababisha saratani kwa nyani kinafanana mno na kinasaba cha PDGF. Mmoja wa watafiti hao, Michael Waterfield, ndiye aliyekuja kushirikiana na Noble mwaka 1988. Baadaye majaribio yalionyesha kuwa PDGF nyingi isiyodhibitiwa katika ubongo wa panya wakubwa inaweza kuzaa uvimbe unaofanana na saratani ya ubongo ya binadamu. Haishangazi. Kemikali inayosema "gawanyika" haina namna ya kujua ni wakati gani ingenyamaza.

Kwa hiyo bidhaa inayodai kuwa inaongeza seli za ubongo ina mawili. Ama haifanyi inachodai, na hilo ndilo la kawaida, kwa kuwa protini ukiimeza humeng'enywa tumboni kama maharage. Au inafanya kweli, na hapo ungehitaji daktari haraka. Vitamini B12 ni jambo tofauti. Mwili ukiipungukiwa mayelini huharibika kweli, na wanaotumia metformini kwa miaka mingi kwa ajili ya kisukari wako kwenye hatari zaidi ya upungufu huo. Kwao kupimwa na kupewa B12 kuna maana. Kwa mtu ambaye hana upungufu, vidonge vya ziada havitengenezi mayelini ya ziada.

Makovu yenye mafundi ndani yake

Ugonjwa unaojulikana zaidi wa kuharibika mayelini ni ule unaoitwa kwa kifupi MS, ambapo kinga ya mwili hushambulia mayelini ya ubongo, uti wa mgongo na neva za macho. Mfaransa Jean-Martin Charcot aliueleza kwa kina mwaka 1868. Mgonjwa anaweza kuanza kwa jicho moja kufifia, ganzi miguuni, uchovu usioisha, au kuyumba kama mlevi ilhali hajanywa. Makadirio ya mwaka 2020 yaliweka wagonjwa duniani kuwa milioni 2.8. Afrika wanaoripotiwa ni wachache, na uchache wa mashine za MRI na madaktari bingwa wa neva una mchango wake katika takwimu hizo. Wapo waliozungushwa miaka kwa waganga kabla ya kupata jina la ugonjwa wao.

Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba makovu ya MS hayaponi kwa sababu seli changa zimekwisha. Kama ingekuwa hivyo, PDGF au ndugu zake wangekuwa jibu. Lakini uchunguzi wa ubongo wa wagonjwa waliofariki, ukiwemo ule uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kitu kingine. Katika makovu mengi ya muda mrefu, seli za kutengeneza mayelini zilikuwemo. Zilikuwa zimenyoosha mikono hadi kwenye nyuzi zilizo uchi, zimezigusa, na hazijazivika. Mwaka huohuo yalitoka matokeo ya jaribio dogo la IGF-1 kwa wagonjwa 7 wa MS. Hakukuwa na nafuu iliyoonekana.

Tangu hapo swali limegeuka. Badala ya kuuliza "tuwaongezeje mafundi?", wengi sasa wanauliza "ni nini kimewasimamisha waliopo?" Dawa moja ya kuondoa kizuizi, opicinumab, ilijaribiwa kwa matumaini makubwa na haikufikia lengo lake. Nyingine ni klemastini, dawa ya zamani ya mzio. Katika jaribio la San Francisco lililochapishwa mwaka 2017, wagonjwa 50 waliitumia kwa zamu, na ujumbe kutoka jichoni kwenda ubongoni uliharakishwa kwa wastani wa milisekunde 1.7. Ni kidogo, ila ni dalili kwamba nyuzi zilizo uchi kwa miaka zinaweza kuvikwa tena. Usiikimbilie dukani: iliwaongezea wagonjwa uchovu, na jaribio jingine la Marekani liliacha kuitumia baada ya hali za baadhi ya wagonjwa kuzorota.

Kinachopatikana leo kwa MS ni dawa za kuizuia kinga isiendelee kushambulia. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliingiza tatu kati ya hizo kwenye orodha yake ya dawa muhimu: kladribini, glatirama na rituksimabu. Hazirudishi mayelini iliyopotea. Zinalinda iliyobaki, na ndiyo maana kuchelewa kugundua ugonjwa kuna gharama.

Watoto njiti

Kundi jingine, kubwa zaidi kwetu kuliko MS, halitajwi sana katika habari hizi. Ni watoto njiti. Kati ya wiki ya 23 na ya 32 ya mimba, ubongo wa mtoto una seli changa nyingi za mayelini na mafundi wachache mno waliokomaa. Seli hizo changa ni dhaifu mbele ya upungufu wa oksijeni na maambukizi. Mtoto anayezaliwa kipindi hicho na kupata shida ya kupumua anaweza kuishi, akanenepa, akaruhusiwa, na miezi baadaye mama akaona miguu imekakamaa. Ni njia mojawapo ya kupata mtindio wa ubongo. Hakuna aliyemroga.

Kinachotokea ndani kinafanana na kovu la MS kuliko mtu angedhani. Baadhi ya seli changa hufa, zilizobaki huongezeka kuziba pengo, kisha hukwama bila kukomaa. Namba inarudi, kazi hairudi.

Mwaka 2014 watafiti wa hospitali ya watoto ya Washington walitangaza matokeo ya panya wachanga waliokuwa wamenyimwa oksijeni ya kutosha. Waliwatia puani kichocheo kiitwacho EGF. Hiki ndicho kilichogunduliwa na Stanley Cohen, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1986, baada ya kuona panya wachanga wakifumbua macho kabla ya siku zao. Safari hii seli changa ziliongezeka na pia zikakomaa, na panya wakatembea vizuri zaidi. Tofauti na majaribio mengine huenda ni wakati: ubongo wa kichanga bado uko kwenye ujenzi, nyuzi zinasubiri kuvikwa. Hata hivyo ni panya, na dozi iliyotolewa siku chache baada ya kuumia.

Kinachoweza kufanyika kwa binadamu sasa hivi hakina uhusiano na maabara za London. Mjamzito anayetishiwa kujifungua kabla ya wiki 32 anaweza kuchomwa magnesiamu salfeti, dawa ileile ambayo wakunga wetu huitumia kwa kifafa cha mimba. Tangu mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani linaipendekeza ili kupunguza mtindio wa ubongo. Kumbeba njiti kifuani, ngozi kwa ngozi, tangu alipozaliwa, ni pendekezo la mwaka 2022. Dawa inafaa ikitolewa kabla mtoto hajazaliwa, kwa hiyo uchungu unaoanza mwezi wa sita au wa saba si wa kusubiri asubuhi.

Kwa upande wa watu wazima, jaribio moja linahusu umri. Mwaka 2019 kundi la Cambridge, Uingereza, lilionyesha kuwa seli changa za panya wazee huwa kama viziwi: hazisikii tena ishara za kukomaa. Panya hao walipofungishwa kula kwa siku zilizopangwa, au walipopewa metformini, seli zao zilianza kusikia tena na mayelini ikarudi. Metformini pamoja na klemastini vimeshajaribiwa kwa watu wenye MS hukohuko Cambridge.